Haki ya Mfanyakazi Kabla ya Kuumia

Mwaka 2007, katika mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Jomvu mjini Mombasa, ilianza kazi ya kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutolewa madini ya risasi yaliyomo, na kiwanda hicho kilikuwa ubavuni mwa nyumba za watu, hata moshi wake ukaingia majumbani na maji yake machafu yakapita vichochoroni. Kilipofungwa mwaka 2014, vipimo vilikuwa vimekwisha kuonyesha risasi katika damu za wakaazi, watoto wakiwamo. Wakaazi wakashtaki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitangua amri hiyo ya malipo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hukumu ile ni ya insafu, nami naiheshimu kwa dhati. Lakini kati ya moshi wa kwanza na neno la mwisho la mahakama ilipita miaka 17, na madhara ambayo risasi imekwisha kuyatia katika ubongo wa mtoto hayafutwi na fedha, ziwe nyingi namna gani.

Nimeitanguliza habari hii kwa kuwa watu wetu wengi, waulizwapo haki ya mfanyakazi ni ipi, hujibu kwamba ni fidia, na fikira zao huanzia hospitalini, ilhali sheria ya Kenya imeianza haki hiyo mapema zaidi, siku ambayo mfanyakazi angali mzima, mikono yake kamili na kifua chake safi. Haki ya kukingwa hutangulia haki ya kulipwa. Asiyeijua ile ya kwanza hungoja mpaka apatwe na ya pili, na fidia haijapata kumrudishia mtu kidole wala pumzi.

Sheria yenyewe ni ile ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyoshika mahali pa Sheria ya Viwanda iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni. Hii haimtazami mtu wa kiwandani peke yake, bali yahusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, kwa muda au kwa daima: shamba, duka, ofisi, karakana, nyumba inayojengwa. Juu ya mwajiri imeweka dhima ya kuhakikisha usalama, afya na ustawi wa watu wake. Ya kuzipima hatari za kazi kila baada ya muda unaofaa, na kuchukua hatua kwa mujibu wa yale yatakayoonekana. Ya kuwafundisha wafanyakazi na kuwaarifu hatari zilizopo. Na ya kutoa na kutunza mavazi na vifaa vya kinga pale ambapo watu hukutana na vitu vyenye madhara. Mwajiriwa anayeambiwa ajitafutie barakoa na glavu mwenyewe hana budi kujua kwamba anatwishwa mzigo ambao sheria imeuweka juu ya mabega mengine.

Mahali penye watu 20 au zaidi sharti iundwe kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanyakazi na wa uongozi kwa idadi sawa, na walau mara moja katika kila miezi 12 ukaguzi kamili wa usalama ufanywe na mshauri anayetambuliwa. Ukifanya kazi penye watu 50 na hujapata kusikia jina la mjumbe hata mmoja wa kamati hiyo, una haki ya kuuliza, na swali lako halina utovu wa adabu. Ubora wa bidhaa hukaguliwa kila siku kwa kuwa mnunuzi hulalamika. Siha ya mfanyakazi hukaguliwa pale tu ambapo wafanyakazi nao wamejifunza kulalamika.

Sasa nifike kwenye kifungu ambacho, lau ningekuwa na uwezo, ningeamuru kisomwe kwa sauti kwa kila kibarua asubuhi yake ya kwanza kazini. Ni kifungu cha 14. Chasema kwamba mfanyakazi aonapo jambo ambalo ana sababu za maana za kuliamini kuwa ni hatari kubwa au iliyo karibu kutukia, kwake au kwa wenziwe, yampasa amwarifu msimamizi wake mara moja. Na mpaka hatari ile iondolewe, mwenye mahali hapo hana ruhusa ya kumlazimisha kurudi penye hatari. Tena aliyejitoa mahali kama hapo kwa sababu za haki hafukuzwi, habaguliwi, wala hapunguziwi lolote kwa ajili ya kitendo hicho. Kifungu cha 8 chaongeza kinga kwa yule aliyelalamika tu juu ya jambo analoliona kuwa si salama, na kwa mjumbe wa kamati anayetimiza kazi yake. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 46, haikubali malalamiko ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri kuwa sababu ya haki ya kumwachisha kazi, isipokuwa malalamiko hayo yawe ya upuuzi yasiyo na msingi.

Haki hii ni kubwa, na kwa hiyo yataka kutumiwa kwa hadhari. Haikuwekwa kwa ajili ya anayeikimbia kazi kwa uvivu, wala kwa ajili ya hofu isiyo na sura. Mfanyakazi aeleze kwa maneno ya wazi ameona nini: jukwaa halina kizuio, mashine imevuliwa kinga yake, mvuke wa kemikali unawatapisha watu. Amwambie msimamizi, kisha aandike, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa maneno ya mdomo hukanwa, na maandishi yenye tarehe ni ushahidi. Auhifadhi ujumbe huo mahali ambapo mwajiri hawezi kuufuta. Akiona hapati jibu, aende kwa ofisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake, aliye chini ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ofisa huyo ana mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa ilani ya kurekebishwa kasoro, na kuizuia kazi yenye hatari iliyo dhahiri. Najua jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba kusimama peke yake mbele ya bwana wake, na sitathubutu kumwita mwoga. Kwa sababu hiyo namsihi asisimame peke yake, bali apitie kwa mjumbe wa kamati au wa chama cha wafanyakazi, au aandike pamoja na wenziwe.

Naye mfanyakazi ana faradhi yake: kuvaa kinga aliyopewa, kufuata maelekezo, na kutochezea vyombo vya usalama.

Lakini hatari ya kazini haikomi langoni, na hapa Owino Uhuru yatufundisha zaidi ya kitabu. Vumbi la risasi hurudi nyumbani katika nguo za baba, na mama akizifua nguo zile watoto hulivuta. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda kile, ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia tathmini ya athari zake kwa mazingira. Ushauri wa kukihamisha haukufuatwa, na baadaye mtoto wake mwenyewe akakutwa na risasi mwilini. Mtu asiye mwajiriwa haishiki Sheria ya Usalama Kazini kwa mkono ule ule, bali hushika Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na katika Kifungu cha 70 yamruhusu aende mahakamani hata kabla ya madhara kutokea, bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yuko mtu aliyekwisha kuumia. Katika kesi ile vyombo vya serikali navyo vilibebeshwa sehemu ya malipo, kwa kuwa mwenye kazi ya kukagua na asikague hawezi kusema kwamba yeye hakuwasha tanuri.

Na ikiwa ajali imekwisha kutokea, au maradhi yaliyotokana na kazi yamedhihirika, iko Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Aliyeumia amwarifu mwajiri mapema awezavyo, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi taarifa. Mtu akifa kazini, ofisa wa eneo sharti aambiwe katika saa 24. Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri, na kwa ulemavu wa kudumu ulio kamili hesabu ni mishahara ya miezi 96, ikipungua kwa kadiri ya kiasi cha ulemavu. Aliyeumia akiwa katika gari la mwajiri linalompeleka kazini au kumrudisha kwake huhesabiwa kuwa aliumia kazini. Dai lisipitishe miezi 12. Wengi hukimbilia mahakamani kwanza, na faili zao hurudishwa, maana Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua Desemba 2019 kwamba sheria hii ni halali, na kwa mujibu wake mlango wa kwanza ni wa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kuleta pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi hulijibu katika siku 14. Na asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa hiyo kila barua itokayo katika ofisi ya Mkurugenzi iandikwe juu yake, siku ile ile, tarehe uliyoipokea, na bahasha yake isitupwe.