Makaa Yasiyotoa Moshi: Hatari ya Kaboni Monoksidi Nyumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa baridi kali, wapo wakazi wa Njombe, Makete, Lushoto na hata Limuru kule Kenya ambao huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto usiku. Jambo hili hufanywa kwa uangalifu: jiko huwashwa nje, huachwa mpaka moshi uishe na makaa yaive mekundu, ndipo huingizwa ndani na mlango kufungwa. Familia huamini kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Imani hiyo ndiyo inayoua.

Moshi una madhara yake, lakini una fadhila moja: huwasha macho na kumfukuza mtu chumbani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na haikeri koo. Hutokea pale mkaa, kuni, petroli au gesi vinapoungua bila oksijeni ya kutosha, na makaa mekundu huitoa kwa wingi. Kadiri chumba kilichofungwa kinavyopungukiwa oksijeni, ndivyo makaa yanavyozidi kuitoa. Jenereta iliyowekwa barazani karibu na dirisha, au gari linalonguruma ndani ya gereji iliyofungwa, huleta balaa lilelile.

Ndani ya damu, gesi hii hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mgonjwa anapumua na moyo wake unapiga, lakini damu imekosa nafasi ya kubeba oksijeni. Ubongo na moyo ndivyo huumia mapema. Kichwa huuma, hufuata kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Dalili hizo hufanana mno na za malaria au za chakula kibovu. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa wa namna hii asubuhi ya baridi, asiye na homa, amuulize: mlilala na jiko? Kuna mwingine nyumbani anayeumwa hivihivi? Ukitoka nje unapata nafuu? Maswali haya matatu hayagharimu chochote.

Hapa wahudumu wenzangu wawe macho. Kipima oksijeni cha kidoleni hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekaribia kufa, na namba hiyo nzuri ikamrudisha nyumbani kwenye jiko lake. Wala tusisubiri ngozi iwe nyekundu kama vitabu vinavyosimulia. Dalili hiyo huonekana kwa nadra kwa mtu aliye hai.

Tiba ni oksijeni, nayo ianze mara hatari inaposhukiwa: kwa barakoa yenye mfuko wa akiba, lita 15 kwa dakika. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyo katika damu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka. Kwa oksijeni tupu, takribani saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito apewe kwa muda mrefu zaidi, hata akijihisi mzima, kwani gesi huchelewa kutoka katika damu ya mtoto aliye tumboni.

Kwa aliye nyumbani: fungua milango, mtoe mgonjwa nje, umfikishe kituoni upesi. Usichelewe ndani ya chumba hicho, maana waokoaji nao huanguka. Maziwa, ambayo wengi wetu huyakimbilia kila penye sumu, hayasaidii hapa, na kwa asiye na fahamu huweza kuingia mapafuni.

Aliyepona aangaliwe na jamaa zake kwa wiki kadhaa. Kuna wanaorudi nyumbani wakiwa wazima, kisha baada ya siku au wiki huanza kusahau, kubadilika tabia au kutembea kwa shida. Huo si uzembe wala kurogwa. Ni ubongo ulioumia usiku ule, na mgonjwa arudishwe hospitalini.