Swali Letu Lifike kwa Waziri

Ndugu wasomaji, mwezi huu tunataka tujifunze pamoja jambo ambalo wengi wetu hulisikia kwenye redio lakini hatulioni kuwa ni letu. Ni jambo la mbunge kumwuliza waziri swali. Tukimaliza somo hili, kila kikundi kiweze kufanya mambo matatu: kujua swali liende mlango gani, kuliandika swali vizuri, na kufuatilia jibu. Someni pole pole, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Kalamu na karatasi ziwe karibu.

1. SWALI LA BUNGENI NI NINI?

Waziri anashika pesa zetu na anafanya uamuzi kwa niaba yetu. Akiamua mbolea iuzwe wapi, au pesa za shule zitumwe lini, sisi huku nyumbani ndio tunaona matokeo. Sasa, nani atamwuliza kwa nini aliamua hivyo? Sisi hatuwezi wote kupanda basi kwenda Nairobi. Tulimchagua mbunge aende kwa niaba yetu.

Swali la Bungeni si hotuba, wala si matusi. Ni kumtaka mwenye wajibu aeleze alichofanya, alichokosa kufanya, na atakachofanya. Jibu lake huandikwa katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na hubaki humo miaka yote. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Ahadi ya waziri kwenye matanga au harambee hupeperuka na upepo. Ahadi iliyo ndani ya Hansadi unaweza kuifungua baada ya mwaka mmoja ukasema, "Bwana Waziri, tarehe hii ulisema hivi. Je, iko wapi?"

2. TUMETOKA WAPI?

Desturi hii tuliirithi kutoka Uingereza, ambako swali la kwanza linalojulikana liliulizwa mwaka 1721. Hapa Kenya, kutoka uhuru hadi mwanzoni mwa mwaka 2013, mawaziri wenyewe walikuwa wabunge. Walikaa humo humo Bungeni, na wabunge wengine wakawauliza maswali uso kwa uso. Wazee wanakumbuka kipindi cha redio cha "Leo Katika Bunge", watu wamekaa kimya kusikiliza waziri akijikuna kichwa.

Lakini kuuliza hakukuwa rahisi siku zote. Mwezi Oktoba 1975, Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Naibu Spika, walikamatwa katika majengo ya Bunge kwa sababu ya maneno yaliyosemwa humo ndani. Waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, wakatoka Desemba 1978. Basi tukisema kuuliza ni haki, tukumbuke kuna watu walioilipia.

Kuna pia mfano wa swali lililozaa matunda. Mwezi Aprili 2004, Maoka Maore, aliyekuwa mbunge wa Ntonyiri, alileta Bungeni karatasi kuhusu kandarasi ya kutengeneza pasipoti, iliyopewa kampuni iliyoitwa Anglo Leasing. Hivyo ndivyo Kenya nzima ilivyokuja kujua jina hilo. Katika muda wa miezi michache, baadhi ya pesa zilizokuwa zimelipwa zikarudishwa. Angalieni vizuri: Mheshimiwa hakuja na kelele. Alikuja na karatasi.

3. SHERIA INASEMA NINI SASA?

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 152 kinasema waziri hawezi kuwa mbunge. Kwa hiyo baada ya uchaguzi wa 2013 mawaziri hawakukaa tena Bungeni, na kile kipindi cha zamani cha maswali kikaisha. Watu wengine walidhani kwamba sasa waziri hawezi kuulizwa. Hapana. Kifungu cha 153 kinasema waziri lazima afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti akiitwa, na ajibu swali lolote juu ya kazi anayoisimamia. Kifungu cha 125 kinaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi.

Halafu mwaka 2023 Mabunge yote mawili yalirekebisha Kanuni za Kudumu ili mawaziri waweze kuja tena mbele ya kikao kizima kujibu maswali. Mbunge huandika swali, hulipeleka kwa Karani wa Bunge, Spika akilikubali hupangiwa siku, na waziri huja kujibu. Wabunge wengine nao huweza kuuliza maswali ya nyongeza.

Kwa hiyo leo kuna njia mbili: kikao kizima, na kamati. Msidharau kamati. Katika kikao kizima waziri hujibu na kwenda zake. Katika kamati anaweza kukalishwa, akaulizwa tena na tena, akaambiwa alete vitabu vya hesabu.

Mfano wa karibuni ni wa mwezi Julai 2025. Waziri wa Fedha, John Mbadi, alikuwa mbele ya Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa. Alikiri kwamba serikali haiwezi kumudu kulipa zote zile shilingi 22,244 zilizowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Walimu wakuu walikuwa wamelia juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Wazazi wengi waliambiwa walete pesa za nyongeza bila kuelezwa sababu. Maswali ya kamati ndiyo yaliyomfanya mwenye hazina aseme wazi.

4. TUBISHE MLANGO GANI?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapotea. Tumeona watu wakimlaumu mbunge kwa sababu zahanati haina dawa, na wakimlaumu mwakilishi wa wadi kwa sababu polisi hawafiki. Wote wawili wanajibu, "Hiyo si kazi yangu," na wote wawili wanasema kweli! Mwananchi anarudi nyumbani mikono mitupu.

Serikali ya kitaifa inashughulika na shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu za taifa, hospitali kubwa za rufaa za kitaifa, na mbolea ya ruzuku. Maswali haya yapelekeeni mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti, au seneta, ili yamfikie waziri Nairobi.

Serikali ya kaunti inashughulika na zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, masoko, na barabara za kaunti. Maswali haya yapelekeeni mwakilishi wa wadi. Kaunti nayo ina mawaziri wake, na Sheria ya Serikali za Kaunti, kipengele cha 39, inaipa kamati ya bunge la kaunti uwezo wa kumwita waziri wa kaunti aje ajibu. Watu wengi hawajui hilo, na pengine hata wawakilishi wengine wamelisahau. Wakumbusheni kwa heshima.

5. TULIANDIKEJE SWALI?

Wengi wetu tunamwendea mbunge kuomba karo au mchango wa matanga. Ni wachache wanaomwendea na swali. Na akiletewa swali, mara nyingi huwa hivi: "Kwa nini serikali imetusahau sisi watu wa huku?" Hilo ni kilio, na kilio kina haki yake. Lakini waziri atajibu kwa dakika moja tu: "Serikali haijawasahau." Mambo yameisha.

Swali zuri lina mambo manne: pahali, tarehe, kiasi, na jambo moja tunalotaka litendeke. Tuchukue shule ya sekondari ya kutwa ambayo inarudisha watoto nyumbani kwa sababu pesa za serikali hazikutosha. Kwanza kikundi kiende kwa halmashauri ya shule kuuliza: Wanafunzi ni wangapi? Mwaka wa 2025 ziliingia shilingi ngapi, na tarehe gani? Watoto wangapi walirudishwa nyumbani, na kwa siku ngapi? Halafu waandike hivi:

"Mheshimiwa, tunaomba umwulize Waziri wa Elimu: (a) Katika mwaka wa 2025, wizara ilituma shilingi ngapi kwa kila mwanafunzi wa shule yetu, na tarehe zipi? (b) Kama hazikufika kiwango kilichowekwa, zilizobaki zitalipwa lini? (c) Wazazi wakitakiwa kuziba pengo hilo, wizara inaruhusu watozwe kiasi gani, na kwa idhini ya nani?"

Waziri hawezi kulijibu swali hilo kwa kusema tu kwamba serikali inawapenda watoto. Itabidi ataje kiasi na tarehe.

Yako pia mambo ya kuepuka. Swali lisiwe na matusi wala maoni, kwa sababu Spika atalikataa. Lisihusu kesi iliyo mahakamani. Msiandike jambo mlilolisikia sokoni bila kulichunguza, maana likionekana si kweli, mbunge wenu ataaibika na safari ijayo hatawasikiliza. Na msiogope Kiswahili: ni lugha rasmi ya Bunge kwa mujibu wa kifungu cha 120.

Je, mkikosa habari kwa sababu ofisi imekataa kusema? Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari katika ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi inatakiwa ijibu katika siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na ofisa anapaswa kumwandikia.

Na mbunge akikataa swali lenu? Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni yeye mwenyewe, alitake Bunge lishughulikie jambo fulani.

6. JIBU LIKIJA, TUFANYE NINI?

Kuna majibu ambayo ni milango ya kutorokea. "Jambo hilo linashughulikiwa." Ulizeni: na nani, hadi tarehe gani? "Tutatengeneza pesa zikipatikana." Ulizeni: je, limewekwa katika makadirio ya mwaka huu? "Naomba muda zaidi." Ulizeni: muda gani? Mbunge anayetujali atauliza hayo papo hapo, lakini mara nyingi anahitaji sisi tumpe maneno mapema.

Tusidanganyane kwamba swali moja humaliza shida. Tukumbuke mambo ya mbolea mwaka 2024. Mwezi Machi ilijulikana kwamba mbolea isiyofikia viwango ilikuwa imeuziwa wakulima chini ya mpango wa ruzuku, katika bohari za Halmashauri ya Nafaka. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, aliitwa mbele ya kamati. Mei 2 wabunge 149 waliunga mkono hoja ya kumwondoa, 36 wakapinga. Kamati ya watu 11 ikachunguza, na kwa kura 7 dhidi ya 4 ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Hoja ikaishia hapo. Mwezi Julai Rais aliwafuta kazi karibu mawaziri wote, naye akiwa mmoja wao.

Mkulima atauliza, "Basi mimi nilifaidika nini? Mahindi yangu yalikuwa yamekwisha kuwa manjano." Ni swali la haki. Serikali iliahidi kuwafidia walioathirika, na ahadi kama hiyo humfaa zaidi mtu aliyetunza risiti, aliyeweka gunia, na aliyeandikisha jina lake mapema. Bunge linaweza kumbana waziri, lakini haliwezi kukutunzia risiti yako. Sehemu hiyo ni yetu.

Mwingine atasema, "Hizi si siasa?" Kumpigia mtu debe ni siasa ya vyama, na hilo si somo letu. Kuuliza pesa za watoto zimeenda wapi ni wajibu wa mzazi, awe wa chama gani. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

7. MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

(a) Tajeni shida tatu za hapa kwetu. Kila moja ni ya kaunti au ya serikali ya kitaifa?

(b) Mara ya mwisho tulipomwona mbunge wetu au mwakilishi wa wadi, tulimwomba nini? Kuna aliyempa swali la kumpelekea waziri?

(c) Ni ahadi gani ya serikali tunayoikumbuka hapa? Ilitolewa wapi, tarehe gani? Kuna mtu aliyeiandika?

8. KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni shida moja tu. Wateueni watu watatu, mmoja awe mama na mmoja kijana, wakusanye pahali, tarehe na kiasi. Andikeni swali lisilozidi nusu ukurasa. Watu wote watie sahihi au kidole. Tengenezeni nakala mbili: moja ipelekwe katika ofisi ya mbunge au ya mwakilishi wa wadi, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki na katibu wenu. Bila muhuri huo watasema hawakuiona.

Halafu katibu aandike kwenye daftari siku mliyopeleka, na kila mkutano aulizwe, "Jibu limefika wapi?" Mkiacha kuuliza ninyi, na Mheshimiwa naye ataacha.