Niache nyama kabisa? Mama mkwe naye asikilizwe

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Bariadi, nina miaka 47 na natumia dawa za presha. Tangu mwaka huu uanze nimeacha nyama, samaki, maziwa na mayai baada ya mafundisho ya afya kanisani. Uzito umepungua na najisikia mwepesi. Nataka nyumba nzima tule hivi, lakini mke wangu ni mjamzito, mtoto wetu ana mwaka mmoja na nusu, na mama mkwe analalamika kwamba nitawatesa wenzangu na njaa ilhali ng'ombe wamejaa zizini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa upande wako umeamua vizuri, ila kuna mambo ya kurekebisha. Kwa mke na mtoto, mama mkwe ana hoja.

Tuanze na faida. Mwaka 2002 ulianza utafiti mkubwa wa Waadventista Wasabato wa Marekani na Kanada, watu wapatao 96,000. Wasiokula nyama walionekana kuwa na uzito mdogo, na kisukari na presha viliwapata kwa kiwango cha chini kuliko wala nyama. Waliolinganishwa ni waumini wa kanisa moja, ambao wengi wao hawavuti sigara wala hawanywi pombe, hivyo ni vigumu kusema tofauti hiyo imeletwa na sigara au pombe.

Hapa kwetu, mwaka 2025 watafiti wa KCMC Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo ya utafiti wa wanaume 77 mkoani Kilimanjaro. Wa kijijini waliohamishiwa kwenye vyakula vya kisasa vya viwandani kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za mwili kuwaka kwa ndani, hali inayohusishwa na kisukari na maradhi ya moyo. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili cha nafaka, maharage na mboga za majani, mambo yalikwenda kinyume chake.

Kwa hiyo cha kujiuliza ni kilichoingia sahanini baada ya nyama kutoka. Chipsi, soda na maandazi havina nyama hata chembe, na mtu anaweza kuvila mwaka mzima huku presha ikipanda. Ugali mkubwa wa sembe na mlenda kidogo nao hautoshi. Gawa sahani yako: nusu iwe mboga za majani, robo ugali wa dona, mtama au uwele, na robo iliyobaki iwe choroko, dengu au kunde. Karibu robo ya uzito wa choroko kavu ni protini, na mikunde ikiliwa pamoja na nafaka, kila kimoja hujazia kilichopungua kwa mwenzake. Vyote hivyo vinalimwa Simiyu na vinauzwa sokoni kwenu.

Chukua nsansa kwa mfano. Loweka majani makavu ya kunde, yachemshe mpaka yalainike, kisha tia karanga zilizotwangwa. Mafuta ya karanga husaidia mwili kufyonza vitamini A, na kwa chakula hicho huhitaji mafuta mengine. Chumvi iwe kidogo: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikiwemo ile ya kwenye mkate. Kamulia ndimu mezani, kwa sababu madini ya chuma ya kwenye mimea hufyonzwa kwa shida na vitamini C huyasaidia. Chai ya majani huyazuia, hivyo inywe saa moja au zaidi baada ya kula. Karanga zilizoota ukungu tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Sasa tatizo lenyewe: vitamini B12. Mlenda hauna, choroko hazina, na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) hayana. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana leo unajisikia vizuri. Akiba ikiisha huja uchovu, ganzi miguuni, ulimi kuuma na usahaulifu, na mishipa ya fahamu ikishaharibika huenda isirudi kama zamani. Una njia mbili: rudisha maziwa au mayai, au tumia vidonge vya B12 maisha yako yote.

Mjamzito hana muda wa kungoja. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki havina B12, na mtoto hutegemea ya mama tangu tumboni hadi anaponyonya. Mtoto wenu wa mwaka mmoja na nusu ana tumbo dogo. Hawezi kula choroko za kutosha kufidia kila kitu. Yai, maziwa yaliyochemshwa na dagaa waliosagwa kwenye uji humpa protini, zinki na B12 kwa vijiko vichache, na humkinga na udumavu. Asinyimwe.

Kwa watu wazima wanaopenda nyama, sisemi ni sumu. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindikwa kama soseji kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyodhaniwa kuisababisha. Kipande kidogo mara moja moja ni tofauti na nyama choma kila jioni.

Mwisho, usiache dawa za presha kwa sababu umepungua uzito. Pima presha kila wiki na uandike. Ikishuka na kubaki chini, peleka daftari hilo kwa daktari wako. Yeye ndiye atakayepunguza kidonge.