Vyumba Uviulize Mwisho: Kuhama Mtaa Hapa Gisenyi

Mpigie simu dalali yeyote wa Gisenyi, atakuuliza mambo mawili: vyumba vingapi, na una bajeti gani. Simlaumu. Kamisheni yake imo kwenye nyumba, haimo kwenye maisha utakayoishi ndani yake. Nimehama mara tatu katika mji huu, na mara ya kwanza nilimjibu kama alivyouliza. Nikapata vyumba vitatu vyenye vigae, dari nyeupe na mahali pa kuegesha gari nisilokuwa nalo. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimejua kwamba mvua ikianza, njia ya kwangu hugeuka mfereji. Mkubwa wangu kazini naye alikuwa ameshajua.

Ukiutazama upande wa Rwanda peke yake, huu si mji mkubwa. Ukiutazama kama wakazi wanavyoutumia, ni ubavu mmoja wa mji mkubwa (na Rubavu, jina la wilaya, kwa Kinyarwanda ni ubavu kweli), ubavu wa pili ukiwa Goma ya Kongo, na katikati yao pamepita mpaka. Wapo Wakongo wanaolala huku na kufanya kazi kule. Wapo Wanyarwanda wanaoamka alfajiri kupeleka maziwa kule na jioni wanarudi na madumu matupu. Wapo watoto wanaovuka na mabegi ya shule. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayehama ni hili: utavuka mara ngapi kwa wiki, na kwa mlango upi?

Milango mikuu ni miwili. Grande Barrière, wengine huiita La Corniche, iko karibu na ziwa Kivu, na ndiyo ya magari na malori. Petite Barrière iko upande wa Mbugangari, na ndiyo ya miguu: kina mama wenye mabeseni ya nyanya, vijana wenye trei za mayai, makumi ya maelfu ya watu kwa siku nyakati njema. Ukisema tu "petite" au "grande", motari, dereva wa pikipiki ya abiria, atakufikisha. Mchuuzi anayevuka kila siku akipanga mtaa wa Nengo, ufukweni, kwa sababu pana upepo wa ziwa, atalipia upepo huo kila asubuhi. Na anayevuka kwa gari mara moja kwa wiki hana sababu ya kujibana Mbugangari kwenye msongamano wa soko.

Lakini usiuchague mtaa kwa ajili ya mpaka peke yake. Saa za kufungua na kufunga hubadilika, na hazibadilishwi na wewe. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mlango, na watu waliokuwa wamepanga hatua mia kutoka Petite Barrière wakabaki na kodi ya ukaribu wa kitu kisichofikika. Januari 2025, Goma ilipokuwa vitani, mabomu yalianguka hadi upande huu na watu wakafa, na wakazi wa mitaa ya mpakani wakahamia kwa ndugu zao huko juu. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: mpaka ukifungwa miezi mitatu, je, mtaa huo bado utakuwa na maana kwako? Pana shule, soko, kanisa au msikiti wako, mtu wa kukukopesha sukari? Kama jibu ni hapana, endelea kutafuta.

Kisha fanya hesabu ya motari, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme nauli ya kwenda kazini ni faranga 500. Kwenda na kurudi ni 1,000, na siku 26 za kazi ni 26,000 kwa mwezi, kabla mtoto hajapanda pikipiki yake na kabla hujasahau simu nyumbani. Nyumba ya mbali iliyo nafuu kwa faranga 20,000 tayari imekula nafuu yake na elfu sita juu. Andika jumla ya kodi na nauli kwa kila nyumba unayoiangalia, halafu linganisha jumla hizo. Kodi peke yake isikuchagulie.

Swali la pili kwangu ndilo zito kuliko yote: nyumba imekaa juu ya nini?

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Uji wa moto ulielekea Goma, lakini siku zilizofuata ardhi ilitetemeka pande zote mbili, tetemeko moja likipita 5 kwenye kipimo, na nyufa zikapasua ardhi ndani ya mji wetu. Nyumba nyingi zilianguka au zikapasuka, hata wagonjwa wa hospitali ya Gisenyi wakahamishwa. Nyufa hizo zilipita mahali fulani na kuacha mahali pengine. Nyumba moja ilisalimika bila kudondosha hata kikombe, na ya jirani ikagawanyika kama mkate. Leo zimepigwa plasta na kupakwa rangi, na matangazo ya kupangisha hayataji mwaka 2021.

Basi nenda mchana, jua likiwa kali, utazame ukuta ubavuni wala si mbele. Ufa uliozibwa huacha mstari wa mshazari unaopanda kutoka kona ya dirisha, na saruji yake huwa laini kuliko ya pembeni. Fungua na ufunge kila mlango: fremu iliyopinda haijui kusema uongo. Tazama sakafu, kisha toka nje uone kama mstari huo unaendelea kwenye ua, kwenye barabara, kwenye ukuta wa jirani. Ukiendelea, si ufa wa nyumba tena, ni ufa wa ardhi. Halafu mtafute mzee au mama aliyekaa mtaani miaka kumi, si mwenye nyumba, umuulize: "Mama, mwaka ule wa matetemeko hapa palikuwaje?" Atakuonyesha kwa kidole.

Mto nao una kumbukumbu yake. Sebeya hutoka milima ya Gishwati, hupita Kanama, Nyundo na Rugerero, na kuingia ziwani Nyamyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto huo ulivunja kingo zake. Mvua ya usiku ule iliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika mkoa huu wa Magharibi, na Rubavu ikawa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Sehemu za bonde la mto huo ni nzuri sana kiangazi: udongo mweusi, migomba, barabara ya Kigali karibu, kodi nafuu. Unafuu huo una sababu. Ukienda kutazama nyumba Rugerero au Nyundo, tafuta alama ya maji ukutani, ile rangi ya chai ambayo chokaa haifichi sawasawa, na uliza maji yalifika kwenye goti au kwenye dirisha.

Juu nako si salama kwa sababu tu ni juu. Mteremko wa mlima Rubavu una mandhari ya ziwa ambayo hoteli zingeilipia, na serikali imekuwa ikiwahamisha watu kutoka kwenye mteremko huo kwa miaka. Neno la kulijua hapa ni manegeka, yaani maeneo ya hatari. Nyumba iliyowekewa alama nyekundu ya "towa" haina haja ya maelezo, hata kama mwenyewe anakuambia alama hiyo ni ya zamani. Kanuni za mazingira pia hukataza ujenzi ndani ya meta 50 kutoka ziwani na meta 10 kutoka kwenye kingo za mto mkubwa. Mpangaji hatapigwa faini, lakini siku ya kubomoa ni godoro lake litakalokuwa barabarani.

(Wageni huniuliza pia kuhusu gesi ya Kivu, ile kaboni dioksaidi na methani iliyolala chini ya ziwa. Hilo halichaguliwi kwa mtaa. Ukiliogopa, hama wilaya.)

Sasa maji ya kunywa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu husafishwa Gihira, na hutoka kwenye Sebeya huo huo. Mvua kubwa ikipiga huko juu, mto hushuka na udongo mwingi kiasi kwamba mitambo hulemewa. Ndipo ajabu ya Gisenyi inapoonekana: maji yamejaa barabarani, bomba limekauka. Mitaa haikauki sawa. Ile iliyo chini hupata mapema, iliyo juu husubiri, mingine hupata usiku tu. Usimuulize dalali kama maji yapo, atasema yapo. Tazama uani. Madumu ya njano yaliyopangwa foleni ukutani, au tangi jipya juu ya kila paa, ni ripoti kamili. Nyumba yenye tangi na mfereji wa kuvuna maji ya mvua mimi huipa alama mbili, hata kama vigae vyake vimechakaa.

Uende mtaani mara ngapi? Mara nne, na kila mara saa tofauti. Asubuhi ya siku ya kazi, upime safari yenyewe kwa mguu na kwa pikipiki. Usiku baada ya saa mbili, usikie baa na vipaza sauti, uone kama taa za barabarani zinawaka na kama irondo, ulinzi wa usiku, wanapita kweli. Siku ya mvua, hii usiikose. Anayehama kiangazi ananunua nusu ya habari. Ukiweza, tafuta nyumba katikati ya masika, Aprili, wakati kila mtu anajificha ndani.

Mara ya nne ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na sijaona dalali akiitaja. Vaa viatu vya kazi, chukua jembe la kuazima, uende kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wa mtaa unaoutaka. Hakuna atakayekufukuza, mikono haijawahi kuzidi. Saa mbili za kuzibua mtaro zitakuonyesha nani hufika, nani hutuma mtoto, na kama watu wanaitana kwa majina. Subiri mkutano wa baada ya kazi. Hapo mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, atataja yote ambayo tangazo la nyumba haliyataji: kuku wanaoibwa, mama mkwe na mkwe waliogombana, takataka zisizochukuliwa, nani hajalipa pesa ya usalama. Mtaa unaobishana kwa sauti juu ya mtaro una uhai. Mimi huogopa zaidi mkutano wa watu kumi walio kimya wakati nyumba ni mia.

Kuhusu tabia za mitaa yenyewe nitasema kidogo, maana zinabadilika. Nengo na ufukweni ni miti mikubwa, majumba ya zamani, hoteli na wikendi za watu wa Kigali. Ni kutulivu, ni ghali, na duka la mkaa liko mbali. Kuzunguka uwanja wa Umuganda utakuwa karibu na kila kitu, pamoja na mashabiki wa timu za Etincelles na Marines siku ya mechi. Mbugangari na Majengo utasikia Kiswahili toka asubuhi hadi usiku, utanunua sambaza mlangoni, na simu yako itashika mnara wa Kongo bila kukuuliza, kwa hiyo zima data ya ng'ambo. Byahi kunajengwa, viwanja ni vya watumishi na wafanyabiashara wachanga, na vumbi la leo linaweza kuwa barabara ya kesho au vumbi la kesho. Rubona na Nyamyumba, kwenye kiwanda cha Bralirwa cha tangu 1957, maji moto na wavuvi wanaoimba usiku, kunawafaa wenye kazi huko huko. Mwenye kazi mjini kilima kitamchosha.

Ukishafika hapo, ndipo uhesabu vyumba. Muombe mwenye nyumba namba ya kiwanja, ile UPI, ulinganishe jina la kwenye hati na la anayepokea pesa yako. Ardhi yote ya Rwanda imeandikishwa, hivyo "hati iko kwa ndugu yangu" si jibu. Wenye nyumba wanaolenga wapangaji wa Goma hupenda kutaja bei kwa dola. Kataa kwa upole: kanuni za Benki Kuu zinataka bei za ndani ziwe kwa faranga, na dola ikipanda utakayeumia ni wewe. Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kanisa lako. Uandike miezi ya kulipa mbele, nani hutengeneza paa, na notisi ya kuhama. Cashpower, mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Mita moja kwa nyumba tatu ni ugomvi uliolipiwa kodi.

Siku ya kuhama, ingia mchana, majirani waone unaingiza nini ili wajue pia kisichotoka. Kesho yake mtafute mutwarasibo, kiongozi wa zile nyumba chache zinazokuzunguka, ujiandikishe kabla hajakufuata. Atakukagua kidogo, aulize mmetoka mtaa gani na kwa nini mmehama. Mjibu kweli. Kisha umuulize maji huja saa ngapi, na uwe na dumu mkononi, maana huenda akakuambia ni sasa hivi.