SOMO LETU: MSITU WA MTO TANA UNAZALIWA LINI?



Leo tuangalie miti ya kando ya Mto Tana. Hapa Garissa, ukingoni kuna kivuli. Ukitembea kidogo tu kuelekea mashariki, ni vichaka na vumbi. Mvua ni ileile. Basi hii miti mikubwa inaishi kwa nini?

1. Maji ya chini. Mto hulowesha udongo wa kando chini kwa chini. Mkuyu na mgunga mkubwa huyafuata maji hayo kwa mizizi mirefu, ndiyo maana havikauki haraka wakati wa kiangazi.

2. Mche ni mambo mengine. Mizizi yake mifupi haifiki huko. Miti mingi ya mtoni huota mafuriko yakishapita, kwenye tope jipya lenye unyevu. Tangu mabwawa yajengwe huko juu (Kindaruma 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988), mafuriko ya kawaida yamepungua. Yale makubwa bado yanakuja, kama ya 1997, 2018 na 2024. Tunayalilia kwa hasara, lakini huleta pia miche. Mbuzi wakiimaliza, tunabaki na boma la wazee bila watoto.

3. Mathenge. Mti huu uliletwa kwenye miradi ya umwagiliaji ya Tana, kama Bura, miaka ya 1980. Mifugo hula maganda na kusambaza mbegu kwa kinyesi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari. Tukifyeka kivuli chote, tunaufungulia mlango.

KAZI YA KIKUNDI

(a) Msifyeke shamba mpaka ukingoni. Mizizi ndiyo inayoshika udongo. Ukiing'oa, shamba lenyewe litaingia mtoni. Acheni miti mama ya mbegu.

(b) Maji yakishashuka, tembeeni ukingoni mtafute miche. Izungushieni matawi ya miiba mpaka mbuzi asifikie kilele. Hata mathenge iliyokatwa inafaa, ila toeni maganda kwanza.

(c) Msizibe malka. Kabla ya kuweka uzio, kaeni na wafugaji mkubaliane njia ya mifugo kwenda majini. Uzio usio na makubaliano ni vita, na miche haitapona.

(d) Mathenge msikate juu juu, itachipuka tena. Chimbeni, mkate kisiki chini ya udongo. Maganda yasagwe, mbegu zivunjike. Unga wake ni chakula cha mifugo.

TUJADILIANE

- Kwenye ukingo wetu, kuna miche mingapi ya mkuyu isiyofika magotini?
- Nani atailinda, na zamu zitakuwaje?
- Malka yetu inapita wapi?

Mungu ametukabidhi mto huu sote, mkulima na mfugaji. Mkuyu tunaokaa chini yake leo kwenye mkutano, kuna mtu aliuacha ukue. Nasi tuwaachie wajukuu wetu mmoja.