Kwa nini ping inakataa anwani ya wavuti?

Swali: Nikinakili anwani kutoka kwenye kivinjari na kuibandika kwenye ping, naambiwa jina halijulikani. Mbona curl inaikubali?

Jibu: Kazi ya curl ni kuleta ukurasa, kwa hiyo inahitaji anwani nzima. Ping haijui ukurasa ni nini: inatuma pakiti ya ICMP kwa seva na kusubiri jibu, na ICMP haina hata poti. Ukiipa https://example.com/malipo, nayo ikabakiza example.com kimyakimya, utaona majibu yanarudi udhani ukurasa wa malipo ni mzima, kumbe programu ya wavuti imelala tangu alfajiri. Kinyume chake hutokea pia, maana seva nyingi huzuia ICMP huku tovuti inafunguka vizuri.

Ssh ni habari nyingine. Tangu toleo la 7.7 la mwaka 2018, OpenSSH inapokea ssh://jina@seva:2222, na ni sawa, kwani kila kipande hapo kina kazi.

Mimi nasema ping iendelee kukataa, ingawa ujumbe wake wa kosa ungeweza kuwa muungwana zaidi. Wewe iandikie jina la seva tu. Hali ya ukurasa iulize kwa curl -I.