Mbegu Haijachoka, Kutu Ndiyo Imebadilika

Mkulima wa ngano akikasirika husema mbegu fulani imechoka: ilizaa vizuri misimu kadhaa, sasa inaliwa na kutu mpaka shina linakatika. Hata makomredi wa kilimo hulitumia neno hilo kwenye mijadala. Mimi nalipinga, maana linatufanya tumtafute mkosaji pasipo pake. Jeni za mbegu ile ni zilezile za siku ilipotolewa. Aliyebadilika ni fangasi.

Kutu ya shina, Puccinia graminis, hula mmea ulio hai tu. Huingiza protini zake ndani ya seli za ngano ili kuizimia kinga. Ngano nayo ina walinzi wake, na mlinzi mmoja kwa kawaida humtambua adui kwa protini moja. Akishamtambua, seli iliyovamiwa hujiua, na fangasi asiyekula maiti anabaki na njaa. Kule North Dakota, miaka ya 1940, H. H. Flor alichunguza kitani na kutu yake akaonyesha kwamba jeni ya kinga kwenye mmea ina jeni inayolingana nayo kwenye fangasi. Fikiria askari wa getini aliyepewa picha moja tu ya mwizi. Mwizi akinyoa ndevu, anapita akisalimia.

Kwa miongo kadhaa picha hiyo ilikuwa Sr31, jeni iliyotolewa kwenye nafaka ya rai ikaingizwa kwenye ngano za nchi nyingi. Mwaka 1998, huko Uganda, kutu ilionekana kwenye ngano yenye Sr31. Ndiyo hiyo Ug99. Kenya ikaonja zaidi: 2006 likapatikana tawi la ukoo huo linaloishinda Sr24, 2007 jingine la kuishinda Sr36. Mbegu ya Robin, iliyopendwa sana na wakulima wetu, ilitegemea SrTmp, na kufikia 2014 hiyo nayo ilikuwa imepenywa.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoteleza kwenye mtihani. Tunaandika kwamba fangasi “alijifunza” kuishinda dawa au mbegu. Hakujifunza kitu. Shamba lililoshikwa hutoa spora zisizohesabika, na kwenye wingi huo kasoro za kunakili jeni hazikosi. Nyingi hazina faida, nyingine zinamuua mwenyewe. Lakini ikitokea moja iliyoharibu ile protini inayotambuliwa, na eneo zima limepandwa mbegu ya jeni moja, spora hiyo imepata karamu isiyo na mshindani. Upepo unamaliza kazi.

Kuna njia nyingine, na kwangu hii ndiyo tamu zaidi. Seli ya kutu hii kwenye ngano ina viini viwili vinavyoishi pamoja bila kuungana. Mwaka 2019 watafiti wa Australia na wenzao walionyesha kwamba kiini kimoja cha Ug99 kinafanana kabisa na kile cha ukoo mwingine wa kutu wa zamani. Yaani nyuzi za fangasi wawili ziligusana, zikabadilishana kiini kizima, bila kujamiiana kwa kawaida. Mchanganyiko mpya kwa mkupuo mmoja! Kwa hiyo kuhesabu mabadiliko ya jeni mojamoja hakutoshi kutabiri kitakachokuja.

Wazalishaji wa mbegu sasa huweka jeni kadhaa za kinga kwenye ngano moja, ili fangasi alazimike kuzikwepa zote kwa pamoja. Huongeza pia jeni kama Sr2, ambayo Edgar McFadden aliiingiza kwenye ngano yake ya Hope miaka ya 1920. Sr2 haimzuii fangasi getini, inamchelewesha tu mmea ukishakomaa, na pengine ndiyo maana imedumu karibu karne. Majaribio yako Njoro: tangu 2005, ngano za nchi nyingi hupandwa pale na kuambukizwa kutu makusudi, msimu baada ya msimu, ionekane ipi itabaki imesimama.